Sili, barafu na kalenda ya mvuvi wa Newfoundland

Nikitaja kwamba uwindaji wa sili, yule mnyama wa baharini mwenye ngozi ya manyoya, ni sehemu ya kazi yangu ya uchumi wa uvuvi, swali la kwanza huwa lile lile: kwani bado wanawaua wale watoto wa sili wenye manyoya meupe? Hapana. Kanada ilipiga marufuku kuwawinda kibiashara tangu 1987. Lakini picha za zamani bado zinatembea, na kwa kiasi kikubwa ndizo zinazopanga bei ya ngozi hadi leo. Nataka kueleza biashara hii inavyokwenda, na hasa kwa nini vijiji vidogo vya pwani ya mashariki ya Kanada vinaing'ang'ania ilhali kwenye hesabu za taifa ni kama haipo.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Anayewindwa zaidi ni sili kinubi, aliyepewa jina hilo kwa baka jeusi la mgongoni. Majira ya joto hukaa kaskazini, kwenye maji ya Aktiki ya Kanada na Greenland. Baridi ikianza hushuka kusini, na mwishoni mwa Februari na mwezi Machi majike hupanda juu ya barafu inayoelea ili wazae. Sehemu kuu ni mbili: bahari ya kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Newfoundland hadi kusini mwa Labrador, upande wa bara wa jimbo hilo hilo, na Ghuba ya St. Lawrence karibu na Visiwa vya Magdalen. Mama hunyonyesha kwa siku 12 hivi tu. Maziwa yake hufikia karibu nusu mafuta matupu, kwa hiyo mtoto huongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku. Kisha mama huondoka moja kwa moja. Manyoya meupe huanza kupukutika, na mtoto akikaribia wiki ya nne anabaki na manyoya mafupi ya rangi ya fedha yenye madoadoa. Hiyo ndiyo ngozi inayotakiwa sokoni. Sisemi haya ili kulainisha mambo. Mnyama anayepigwa risasi amejitenga na mama yake, ndiyo, lakini bado ana wiki chache tu za maisha.

Sasa tazama kalenda, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe. Pwani ya kaskazini-mashariki ya Newfoundland huzibwa na barafu wakati wa baridi. Boti za wavuvi wadogo, nyingi za urefu usiozidi futi 65, hupandishwa juu au hukaa bandarini. Msimu wa kaa wa theluji na wa kambakoche huanza Aprili kuelekea Mei. Kati ya mwisho wa vuli na hapo, familia inaishi kwa akiba na kwa bima ya kukosa kazi, ambayo wavuvi wa Kanada wamekuwa nayo tangu miaka ya 1950. Sili huja katika pengo hilo hilo, mwishoni mwa Machi na ndani ya Aprili. Pesa yao ndiyo ya kwanza kuingia mkononi baada ya miezi mingi ya kutoa tu. Nahodha huitumia kununua mafuta na chambo, kutengeneza injini, kulipa bima ya chombo na kubadilisha kamba za mitego. Asipoipata, ataingia msimu wa kaa na deni.

Mvuvi wa Lamu au Pemba anaielewa hali hii bila kufafanuliwa. Kusi ikikaza mwezi Julai na ngalawa zikavutwa ufukweni, elfu kumi inayopatikana siku hiyo ina kazi nyingine kabisa kuliko elfu kumi ya kaskazi.

Ndiyo maana mabishano kuhusu thamani ya sili hayaishi. Wawindaji, wakiungwa mkono na serikali, wamesema kwa miaka mingi kwamba katika msimu mzuri sili huwapa kati ya asilimia 25 na 35 ya kipato cha mwaka. Wapinzani huchukua thamani yote, wakaigawa kwa uchumi wa jimbo lenye mafuta ya petroli chini ya bahari, wakapata sehemu ndogo isiyofika hata asilimia moja. Pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi, kwa kuwa hazipimi kitu kimoja. Mwaka 2006, mwaka wa bei ya juu kabisa, ngozi nzuri ilipita dola 100 za Kanada. Sili waliovunwa walizidi 350,000 na mapato ya wavuvi yalikuwa dola milioni 30 hivi. Kwa waziri wa fedha hiyo si kitu. Kwa chombo kilichorudi na ngozi elfu moja, ni dola laki moja kabla ya gharama. Chombo kinatoa fungu lake, linalobaki wanagawana mabaharia, kwa mgao ambao watu wa pwani yetu wangeutambua mara moja.

Uzoefu huu ni wa kale huko. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 kuna miaka ambapo sili zaidi ya nusu milioni waliletwa Newfoundland. Mafuta yao yaliwasha taa na kulainisha mashine, na biashara hiyo ilikuwa ya pili baada ya samaki. Wavuvi waliishi kwa mkopo wa duka: mfanyabiashara anakupa unga, nguo na kamba, wewe unamletea samaki, na bei anaipanga yeye. Noti mkononi ilikuwa nadra. Barafu ilikuwa moja ya nafasi chache za kuipata, na vijana waligombea nafasi melini wakijua wazi hatari iliyopo.

Hatari yenyewe haikuwa ya kusimuliwa tu. Mwishoni mwa Machi 1914 mabaharia wa meli iitwayo Newfoundland waliachwa juu ya barafu siku mbili usiku na mchana katika dhoruba ya theluji, kila nahodha akidhani wako salama kwenye meli ya mwenzake. Walikufa 78. Meli ilikuwa imeondolewa mtambo wa simu ya upepo, kwa sababu wenye meli hawakuona kwamba unaongeza faida. Katika dhoruba hiyo hiyo meli nyingine, Southern Cross, ilipotea na watu wake wote, zaidi ya 170. Majina yao yameandikwa kwenye mnara katika kijiji cha Elliston. Na tusidhani ni habari za mababu: mwaka 2008 wanaume wanne wa Visiwa vya Magdalen walikufa boti yao, L'Acadien II, ilipopinduka usiku ikivutwa na meli ya walinzi wa pwani.

Siku hizi Newfoundland wengi hupiga kwa bunduki kutoka kwenye boti. Hakapiki, lile rungu lenye ncha ya chuma lililotoka Norwei, hutumika zaidi kwenye Ghuba. Tangu 2009 kanuni zinadai hatua tatu: kumpiga mnyama kichwani mpaka apoteze fahamu, kupapasa fuvu kuhakikisha limevunjika, kisha kumtoa damu kwa angalau dakika moja kabla ya kumchuna. Je, inafanyika hivyo? Mwaka 2001 madaktari wa wanyama waliodhaminiwa na wapinzani walichunguza mizoga, wakasema katika asilimia 42 hawakuona jeraha la kutosha kuthibitisha kwamba mnyama alikuwa hana fahamu alipochunwa. Mwaka uliofuata madaktari wengine, wa Kanada, walichapisha kwamba asilimia 98 ya mauaji waliyoyaona yalikuwa ya namna inayokubalika. Kwa maoni yangu tofauti kubwa kiasi hicho inatuonyesha ugumu wa ukaguzi. Barafu inakwenda, boti inayumba, mpigaji yuko mbali, na mkaguzi hawezi kuwa kila mahali. Mafunzo ya lazima yamesaidia. Lakini anayesema kila sili anakufa papo hapo hajawahi kusimama juu ya boti.

Lakini kilichoiumiza biashara hii zaidi ni soko. Mwaka 1983 Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya ilizuia ngozi za watoto weupe na bei ikaanguka. Tume ya kifalme ya Kanada kuhusu sili, iliyoongozwa na jaji Malouf, ikatoa ripoti 1986, na mwaka uliofuata Kanada ikafunga uwindaji wa watoto weupe pamoja na ule wa meli kubwa. Kwa miaka kadhaa biashara ilikuwa hoi. Kisha tarehe 2 Julai 1992 waziri wa uvuvi John Crosbie akafunga uvuvi wa chewa wa kaskazini, lile kundi la chewa wa Atlantiki la pwani ya Newfoundland na Labrador. (Si chewa wa miambani tunayemjua sisi, huyu ni wa maji ya baridi, na kwa karne nne ndiye aliyekuwa sababu ya Newfoundland kuwapo.) Watu 30,000 hivi walipoteza kazi. Mtu aliyebaki na boti, leseni na mikono miwili alitafuta chochote kinachoruhusiwa, na katikati ya miaka ya 1990 sili walirudi kuvunwa kwa zaidi ya 200,000 kwa mwaka. Sioni ajabu yoyote hapo.

Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lote 2009, bei ilishuka hadi dola 15 hivi. Mavuno yalikuwa zaidi ya 200,000 mwaka 2008. Mwaka 2009 yakawa chini ya 80,000. Urusi, mnunuzi mkubwa, ikafunga 2011. Kanada na Norwei zilishtaki katika Shirika la Biashara Duniani. Uamuzi wa rufaa wa 2014 ulisema Ulaya inaweza kuzuia bidhaa kwa ajili ya maadili ya umma, ila ilipaswa kurekebisha misamaha yake isiyo ya haki. Ilirekebisha, na marufuku ikabaki.

Wainuiti, wenyeji wa asili wa Aktiki, wameachiwa mlango katika sheria hiyo ya Ulaya. Wanawinda sili wa aina nyingine, kwa chakula kwanza, na ngozi huuza. Mlango huo kwenye karatasi ni mpana, lakini mwenye duka Paris au Berlin hana haja ya kuweka bidhaa itakayomletea waandamanaji mlangoni, iwe na cheti au isiwe nacho. Bei za ngozi za Wainuiti zilianguka tangu 1983 ingawa marufuku ile haikuwalenga. Greenpeace, shirika la mazingira lililopiga kampeni dhidi ya uwindaji wa sili, iliwaomba radhi 2014, miongo mitatu baadaye.

Hapa nikosoane na marafiki zangu wa upande wa wavuvi. Hoja inayopendwa kila bandari ni kwamba sili wanamaliza samaki, kwa hiyo wapunguzwe. Kwa sili wa kijivu, wale wakubwa wanaozaliana Kisiwa cha Sable na kwingineko, hoja ina nguvu: kusini mwa Ghuba ya St. Lawrence utafiti wa wizara ya uvuvi unaonyesha wao ndio chanzo kikuu cha vifo vya chewa wakubwa, na pia wanaeneza minyoo inayolazimu viwanda kukagua minofu kipande kwa kipande. Lakini kwa sili kinubi na chewa wa kaskazini, wanasayansi wa wizara hiyo hiyo walipopima hawakuona kwamba sili ndio waliomzuia chewa kurudi. Kilichoonekana zaidi ni uvuvi, na kuporomoka kwa kapelini, samaki mdogo ambaye ndiye chakula cha chewa. Tena mwaka 1968 pekee zaidi ya tani 800,000 za chewa wa kaskazini zilivuliwa, nyingi na meli kubwa za kigeni. Hapakuwa na sili aliyeshika nyavu zile. Hoja hii ina hasara nyingine ya kibiashara: ukimwita mnyama mdudu mharibifu, unamwambia mnunuzi kwamba unachomuuzia ni takataka. Huwezi kufanya hivyo asubuhi, na jioni ukadai dola 100 kwa ngozi.

Wasomaji wengi hawajui kwamba Afrika nayo ina uwindaji wa aina hii. Namibia huvuna sili wa manyoya kuanzia Julai, Cape Cross na karibu na Lüderitz. Wale huzaa nchi kavu, na kazi hufanywa na vibarua wa makampuni yenye kibali. Hakuna nahodha anayelipia injini kwa pesa hiyo, kwa hiyo tusihamishe hoja za Newfoundland kwenda huko bila kuzichuja.

Hali ya sasa? Kiwango kilichoruhusiwa kilipandishwa hadi 400,000 mwaka 2011, lakini 2019 walivunwa 32,000 hivi. Barafu nayo haiaminiki tena. Mwaka 2010 na 2011 Ghuba ilikuwa karibu tupu na watoto wengi walikufa majini. Uvuvi wa chewa wa kaskazini ulifunguliwa tena 2024, kwa tani 18,000, ila huo ni wa majira ya joto na hauzibi pengo la Aprili. Nyama nyingi bado huachwa kwenye barafu kwa kukosa mnunuzi, isipokuwa mapezi, ambayo watu wa St. John's, mji mkuu wa jimbo, hununua bandarini kutengenezea pai. Kila kitu kinategemea wanunuzi wachache wa ngozi na mafuta. Wakisema mapema wanataka ngozi ngapi na kwa bei gani, boti zinatoka. Wasiposema, zinabaki gatini mpaka msimu wa kaa ufunguliwe, na pesa ya mafuta ya injini inatafutwa benki.