Treni za London: uguse kadi ya benki au ukate tiketi ya karatasi?

Nakata tiketi za ndege hapa Mjini, lakini mteja anayekwenda London akishapata viza hurudi na swali la treni. Haki yake: sisi Zanzibar treni yetu ya mwisho ilikuwa ile ya Bububu, enzi za mkoloni. Jamaa zake walioko huko wameshamwambia aguse kadi ya benki getini tu, ndiyo rahisi siku zote. Mimi nasema inategemea nani anasafiri.

Mashine ya getini haikujui. Inaona mtu mzima mmoja kaingia hapa, katoka kule, basi inamkata nauli ya safari hiyo. Kwenye karatasi unachagua mwenyewe: mko wangapi, watoto wana umri gani, mnarudi leoleo? Ni kama boti ya Dar, mkaazi na mgeni, mkubwa na mtoto, kila mmoja na bei yake kabla hajapanda.

Chukua mama anayekwenda kumtazama dada yake Reading, mji ulio magharibi ya London, na watoto wawili, wa miaka 12 na 14. Kadi moja haipitishi watu watatu, kwa hiyo kila mmoja atafute yake. Na watoto wakigusa kadi za benki wanakatwa nauli ya mtu mzima, wakati tiketi ya karatasi ya treni kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15 ni nusu. Hapo karatasi imeshinda bila ubishi. Kadi ya Oyster, ile ya nauli ya London unayoijaza pesa, nayo haimfikishi Reading. Upande huo inakomea kituo cha West Drayton.

Kwa mtu mzima aliye peke yake anayezunguka ndani ya London, kadi haina mpinzani. Kwa Underground, treni za chini ya ardhi, nauli yake ni ndogo kuliko ya karatasi, na makato yakifika kikomo cha siku yanasimama hata ukipanda mpaka usiku. Kipo na kikomo cha wiki, ila wiki yao ni Jumatatu hadi Jumapili. Ukifika Alkhamisi, siku zako saba zinagawika wiki mbili, na faida ya kikomo hicho huenda usiione.

Angalia na saa. Jumatatu hadi Ijumaa nauli hupanda kuanzia saa 12:30 hadi 3:30 asubuhi, na tena saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Kinachohesabiwa ni wakati ulioingia getini.

Kosa linalowala wageni wengi ni kuingia kwa simu na kutoka kwa kadi. Hata kama akaunti ni moja, mfumo unaona wasafiri wawili ambao hawakukamilisha safari, na wote wawili unawatoza nauli ya juu kabisa. Ulichogusia kuingia ndicho ugusie kutoka. Na kabla ya kuondoka, iulize benki yako inatoza kiasi gani kubadilisha shilingi kuwa pauni.