Je, wajua kwa nini mwalimu hodari hunyamaza baada ya kuuliza swali?

Wengi wakiulizwa sifa za mwalimu bora hutaja ucheshi, ufasaha na sauti inayojaza darasa. Mwaka 1970, huko California, watafiti waliipima imani hiyo kwa hila: walimchukua mwigizaji Michael Fox, wakamwita "Dkt. Myron L. Fox", wakamfunza kutoa mhadhara kuhusu nadharia ya michezo (tawi la hisabati linalochunguza maamuzi ya wanaoshindana) katika elimu ya madaktari, uliojaa mizaha, maneno ya kubuni na kauli zinazopingana. Wasikilizaji walikuwa wataalamu wa afya ya akili, watu ambao kazi yao ni kuwachunguza binadamu wenzao. Hata hivyo wengi walimsifu, na mmoja alidai kwamba amewahi kusoma maandishi yake. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1973, ulikuwa mdogo na hauthibitishi kuwa ucheshi hauna faida. Unachoonyesha ni kwamba msikilizaji anaweza kuondoka ameridhika bila kuwa amepata chochote, na kwamba sifa anazopewa mwalimu na wanaomsikiliza si kipimo cha kutosha cha kazi yake.

Sifa isiyopigiwa makofi ni subira. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alisikiliza kanda nyingi za masomo ya sayansi akagundua kuwa, baada ya kuuliza, walimu walisubiri takriban sekunde 1 tu kabla ya kurudia swali, kumwita mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, "sijui" zikapungua, na wanafunzi wakaanza kuuliza maswali yao. La ajabu ni kwamba waliodhaniwa kuwa dhaifu ndio waliopewa muda mfupi zaidi.

Chukua swali hili: kwa nini nguo hukauka upesi siku ya upepo? Mtoto hana budi kulielewa, kukumbuka somo la mvukizo, kuunganisha hayo mawili, kutafuta maneno, kisha kuthubutu kunyosha mkono. Ni kama kuteka maji kisimani: anayevuta kamba kabla ndoo haijazama huinua ndoo tupu, ingawa maji yamo. Kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza Tanzania, aliyetoka shule ya msingi iliyofundisha kwa Kiswahili na sasa anaulizwa kwa Kiingereza, kamba hiyo bila shaka ni ndefu zaidi.

Kuna pia kimya cha pili, baada ya jibu. "Vizuri sana!" ikitamkwa papo hapo hufunga mjadala, lakini mwalimu akitulia kidogo, mtoto mara nyingi huongeza "kwa sababu" na sababu yenyewe.

Hata hivyo, si kila swali linastahili kusubiriwa. Makao makuu ya Tanzania ama unayajua ama huyajui, na kimya kirefu hapo huzaa minong'ono tu. Kadhalika "Mmeelewa?", linalojibiwa "Ndiyooo!" na darasa zima, halingenufaika hata kwa dakika nzima.