Patasi na simu: tunayodanganyana kuhusu kufundisha ufundi chuoni

Kila muhula ukianza hapa Mwanza, nasikia maneno yaleyale kuhusu simu na kompyuta kwenye karakana ya useremala. Mengine hutoka kwa wazazi, mengine kwa walimu wenzangu. Yananiuma, maana anayepunjwa ni mwanafunzi.

"Ufundi ni wa mkono, simu haina cha kufundisha."

Ni kweli hakuna aliyejua kunoa patasi kwa kutazama tu. Ila mkono hukosea na mwenyewe asijue. Muhula uliopita binti mmoja alikuwa anachonga tundu kwenye mguu wa stuli, na kila tundu linakwenda upande. Nilishamwambia mara nyingi asimamishe patasi wima. "Mwalimu, mbona imesimama?" Nikamrekodi kwa simu yake mwenyewe, mwendo wa polepole, tukaangalia pamoja. Kila mara kabla ya nyundo kushuka, kiwiko kilipanda kidogo na patasi ikalala. Hakusema neno. Alirudi kwenye benchi, akabana kiwiko ubavuni, na tundu lililofuata likanyooka.

Video za mafundi wa mbali zina faida yake, nami huwaonyesha. Lakini hii ya kujiona mwenyewe ndiyo iliyobadilisha mikono mingi zaidi karakanani kwangu.

"Tusubiri kompyuta mpya na intaneti ya kasi."

Tutasubiri mpaka lini? FreeCAD na Inkscape ni programu za bure za kuchora, na zikishawekwa kwenye kompyuta zinafanya kazi bila bando. Video fupi ikirekodiwa kwa ubora wa chini inapita kwa Bluetooth au kwa memori kadi, darasa zima likaipata kabla ya chai. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nao, kupitia VSOMO, programu ya simu waliyoianzisha pamoja na kampuni ya simu ya Airtel, waliweka nadharia kwenye simu na kuacha vitendo vifanyike kwenye vyuo vyao.

"Mchoro wa kompyuta haukosei."

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, na wanaoiamini ni vijana wenyewe. Kompyuta inapiga hesabu sawasawa, ila haijui ubao ulioletwa asubuhi una maji kiasi gani. Ubao mbichi ukikauka husinyaa kwa upana, huku urefu wake ukibaki karibu vilevile. Meza iliyochorwa vizuri kwenye skrini, ikiungwa kwa mbao mbichi, baada ya miezi michache uso wake unaachana na unaonyesha mwanga katikati.

Msumeno nao unakula. Ukiwa na meno yanayokula milimita 3, kupata vipande 8 kwenye ubao mmoja unakata mara 7, na milimita 21 zimegeuka unga wa mbao. Kipande cha mwisho kikitoka kifupi, mwanafunzi ananiuliza kimepotelea wapi wakati mchoro ulitosha. Siku hizi hakuna anayefungua kompyuta kabla ya kushika ubao, kuupima kwa utepe na kukagua nyuzi zake zinaelekea wapi.

"Wazee wa ufundi hawataki mambo haya."

Nilipeleka wanafunzi Kirumba, hapahapa Mwanza, kwa mzee anayeunda mitumbwi. Hachori popote, mataruma, yaani mbavu za mtumbwi, anayapima kwa jicho. Wakamwamkia, wakaomba wamrekodi akikalafati, yaani akishindilia pamba kwenye nafasi za mbao ili maji yasipenye. Akakubali, ila akataka aione kwanza video kabla hatujaondoka. Akaitazama akiwa ameisogeza simu karibu kabisa na uso.

"Rudisha hapo nyuma, mjukuu wangu. Hapo pamba sikuishindilia. Msiwafundishe watu hivyo, futeni."

Akachukua nyundo yake, akakaa upya chini ya mtumbwi, akawaambia waanze tena kurekodi. Hiyo ya pili ndiyo tunayotumia darasani, na sauti yake inasikika akihesabu mapigo.