Nukta ya simu si bikoni (alama ya mpaka) ya kiwanja
Wengi huamini kuwa simu ikishaonyesha viwianishi, yaani namba za mahali ulipo, mpaka wa kiwanja umejulikana. Sivyo. Hata penye anga wazi, simu ya kawaida hukosea kwa takriban mita 5. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, hiyo ni robo ya upande mzima! Karibu na ukuta mrefu hukosea zaidi, kwani mawimbi ya setilaiti hudunda.

Kosa baya zaidi halionekani kwa macho. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa mfumo wa viwianishi uitwao Arc 1960, ilhali simu hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukiichanganya mifumo hiyo, nukta huhama karibu mita 300. Uliza kwanza mfumo wa ramani, ndipo uingize namba.

Kutafuta zahanati, simu inatosha. Bikoni mwachie mpima ardhi mwenye leseni.