Alama 1.5 hazimpi nafasi aliyefeli

Kwa miaka mingi Uganda kumekuwa na maneno kwamba wasichana wanaosomea ustawi wa jamii katika Chuo Kikuu cha Makerere wamebebwa na zile alama 1.5 wanazoongezewa wanawake wanapoomba kujiunga na chuo, na kwamba shahada yao ni nyepesi. Si kweli.

Utaratibu huo ulianza mwaka 1990, wakati wanawake walikuwa chini ya theluthi moja ya wanafunzi. Alama huongezwa kwenye hesabu ya udahili tu, na mwombaji lazima kwanza awe amefaulu A-level, mtihani wa mwisho wa sekondari, kwa kiwango kinachotakiwa na chuo. Aliyefeli hana kitu cha kuongezewa. Akishaingia, mtihani ni uleule, msahihishaji yuleyule, na kazi ya nje ileile katika jamii. Katiba ya 1995, kifungu cha 32, inaitaka serikali kuchukua hatua za namna hii kwa makundi yaliyoachwa nyuma, wakiwemo watu wenye ulemavu.

Na katika fani hii hasa, kuwa na wanawake kuna uzito. Afisa ustawi atakwenda Moroto, Kasese au Arua kusikiliza mjane aliyenyang'anywa shamba, au binti aliyedhulumiwa nyumbani. Mengine binti huyo hatamwambia mwanamume, tena kwa lugha asiyoielewa vizuri.