Joto la kushika moto: dizeli ya mimea ni pole, kiwanda chake si pole

Kinachowaka kwenye mafuta si majimaji yenyewe, ni mvuke unaotanda juu yake. Joto la kushika moto ni lile ambalo mafuta yakilifikia hutoa mvuke wa kutosha kuwaka pindi cheche ikipita. Petroli hutoa mvuke huo hata penye baridi ya barafu. Dizeli ya kawaida husubiri mpaka nyuzi 52 hivi au zaidi. Dizeli ya mimea iliyosafishwa vizuri huvuka 130. Wengi wakisikia hivyo hudhani kuitengeneza ni kazi ya jikoni.

Sivyo, kwa sababu ya methanoli, aina ya alkoholi. Mafuta ya mbono, mawese au yaliyokwisha kukaangia chipsi kwa kawaida hugeuzwa dizeli kwa kuchanganywa na methanoli na kostiki soda, kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Methanoli hushika moto kwenye nyuzi 11 au 12 tu. Mombasa haina usiku wa baridi hiyo, kwa hiyo pipa lililoachwa wazi huko lina mvuke tayari saa zote. Tena methanoli huchemka kabla ya kufika nyuzi 65, yaani mtambo unafanya kazi ukingoni kabisa. Kipimajoto kibovu kinatosha kuleta balaa.

Moto wenyewe ni wa samawati hafifu, na juani hauonekani. Mtu huhisi joto usoni kabla ya kujua kinachowaka. Povu la kawaida la kuzimia nalo huvunjwavunjwa na methanoli. Linatakiwa povu la moto wa alkoholi.

Ili mafuta yote yageuke, methanoli hutiwa takriban mara mbili ya inayohitajika. Ziada haipotei: sehemu hubaki ndani ya dizeli, na nyingi huzama na gliserini, majimaji mazito yanayojitenga chini mafuta yakigeuka dizeli. Hapo ndipo ninapoona hatari kubwa, kwa kuwa gliserini husukumwa nyuma ya kibanda kama taka, na hakuna anayeiwekea alama ya moto. Kiwango cha Ulaya, EN 14214, hakiruhusu dizeli ibaki na methanoli zaidi ya asilimia 0.2, ila kiwango hicho hupima bidhaa iliyokwisha kusafishwa. Tangi la katikati ya kazi halimo. Likimwagwa likaitwa tupu, mvuke unabaki humo pamoja na hewa, na fundi wa kuchomelea huitwa kuliziba ufa.