Je, Wajua Michoro Isiyosogea Hutembeaje Katika Filamu ya Katuni?

Anayetazama filamu ya katuni iliyochorwa kwa mkono huamini kwamba amemwona paka akiruka kutoka sakafuni hadi mezani, ilhali hakuna mchoro hata mmoja uliosogea. Alichoonyeshwa ni msururu wa picha zilizotulia, kila moja ikikaa mbele yake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde kabla ya kuipisha inayofuata, na kwa kuwa zinatofautiana kidogo kidogo, ubongo huziunganisha na kuzisoma kama mwendo mmoja. Mwendo, basi, haumo ndani ya mchoro, bali umo katika tofauti iliyopo kati ya mchoro na mchoro, na karibu kila hatua ya kazi hii imebuniwa ili kuitawala tofauti hiyo.

Filamu za sinema huonyeshwa kwa kasi ya fremu 24, yaani picha 24 zilizotulia, kwa sekunde, hivyo filamu ya dakika 90 ina fremu 129,600. Kwa bahati nzuri, jicho halidai mchoro mpya kwa kila fremu. Katika mienendo mingi ya kawaida kila mchoro hupigwa picha mara mbili, na michoro 12 hutosha kwa sekunde nzima. Michoro 24 hutumika pale mwendo unapokuwa wa kasi sana, au pale mandhari yanapopita nyuma ya mhusika, kwa sababu hapo mhusika anayesogea kila baada ya fremu mbili huonekana akitetemeka.

Hadithi huchorwa kwanza kwa vijipicha vinavyobandikwa ubaoni kwa mfuatano wa matukio. Baada ya hapo, katika studio nyingi za Marekani na Ulaya, sauti za waigizaji hurekodiwa kabla mchoraji hajaanza kazi yake, ingawa nchini Japani desturi iliyozoeleka ni kurekodi sauti baadaye. Maneno yaliyorekodiwa hugawanywa fremu kwa fremu na kuandikwa kwenye jedwali refu, ili mchoraji ajue kwamba neno “mama”, kwa mfano, linahitaji midomo ifumbwe mara mbili, na ajue ni katika fremu zipi.

Mchoraji mkuu hachori kila kitu. Huchora michoro michache inayobeba kiini cha tendo: paka amejikunja, paka yuko hewani, paka ametua. Pembeni mwa karatasi huweka mstari mdogo wenye alama, mfano wa rula, unaomwonyesha msaidizi ni michoro mingapi ijaze pengo na kila mmoja ukae wapi. Alama hizo, kwa maoni yangu, ndizo zinazostahili kuangaliwa kuliko mchoro wowote uliopambwa. Chukua mpira unaodondoka: michoro yake hukaribiana sana juu, pale unapoanza kushuka, kisha huachana zaidi na zaidi kadiri unavyokaribia ardhi, na mchoraji akiipanga kwa nafasi zilizo sawa, mpira hauanguki tena, bali huteremka kama uliofungwa kamba. Kichwa kinachogeuka kutoka kushoto kwenda kulia nacho hakipitii mstari ulionyooka. Mara nyingi mchoro wa katikati hukiinamisha kidogo ili kipite kwenye tao, na wakati mwingine macho hufumbwa hapohapo. Vivyo hivyo, paka hujikunja kabla ya kuruka, si kwa kuwa misuli humlazimu tu, bali kwa kuwa mtazamaji asipodokezwa kwamba mruko unakuja, huenda asiuone kabisa.

Usahihi wa aina hiyo hauwezekani karatasi zikicheza. Ndiyo maana kila karatasi hutobolewa matundu yanayoingia kwenye vigingi vifupi vilivyokazwa mezani, juu ya kioo chenye taa kwa chini, na mchoraji huweza kuuona mchoro wa awali kupitia karatasi mpya. Katikati ya vidole vyake huzipekua karatasi mbele na nyuma, akiukagua mwendo kabla wino haujagusa chochote. Kisha michoro ya penseli hupigwa picha kwa majaribio, kwa sababu kosa la penseli hufutika kwa urahisi, ila kosa lililokwisha kutiwa rangi hugharimu siku kadhaa.

Mwaka 1914 mchoraji wa katuni wa Marekani, Winsor McCay, alitoa filamu fupi ya dinosau ambamo mandhari yalichorwa upya, na msaidizi wake, kwenye kila karatasi. Adha hiyo iliondolewa na karatasi angavu za seluloidi, aina ya plastiki, ambazo mchoraji mwingine wa Marekani, Earl Hurd, aliziombea hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka huohuo: mandhari yakachorwa mara moja tu, na wahusika wakalazwa juu yake. Mistari ilinakiliwa kwa wino upande wa mbele, na rangi ikapakwa upande wa nyuma ili isiifunike. Kazi hiyo katika studio kubwa za Marekani ilifanywa hasa na wanawake. Kwa kuwa seluloidi si angavu kabisa, rangi za tabaka la chini zilififia kidogo, hivyo wapakaji walizichanganya kwa kufidia, na tabaka moja lilipotolewa, karatasi tupu ya seluloidi iliwekwa mahali pake ili mwanga usibadilike.

Mwisho, kamera iliyoning’inizwa juu ya meza ilipiga picha fremu moja baada ya nyingine, huku kioo kikizikandamiza karatasi zisijikunje na vumbi likifutwa kila mara. Tangu miaka ya 1990, skana na kompyuta zimechukua nafasi ya seluloidi, brashi na kamera hiyo katika studio nyingi. Kompyuta inaweza hata kuchora mchoro wa kati yenyewe, lakini isipoelekezwa huuweka katikati kabisa ya pengo, na mpira ule huteremka tena kama uliofungwa kamba.